Mahujaji wako kwenye mkeka, lodji ziko tupu: hesabu yetu imekosea wapi?

Mwezi wa tano nilikuwa kwenye mkesha wa hija yetu Wakatoliki hapa hapa Dodoma, ilipofika kama saa sita usiku usingizi ukanibana nikatoka nje ya uzio kutafuta chai. Mwendo wa dakika tano kwa mguu kuna lodji mpya, taa za bluu zinawaka mpaka kwenye mtaro, kijana wa mapokezi kalalia daftari. Nikamuuliza vyumba vipo? Akasema vipo kaka, vimebaki kumi na moja, selfu, yani chenye choo na bafu ndani, elfu ishirini na tano, leo wameingia watu watatu tu na mmoja kashaondoka. Nikarudi na chai yangu, nikafungua geti la uzio, na mbele yangu watu wametapakaa chini ya miarobaini, kwenye mikeka, kwenye maboksi yaliyochanwa, ndani ya kosta zenye vioo vilivyojaa mvuke, wengine wamejifunika turubai moja watu sita kama samaki. Vyumba kumi na moja vitupu viko pale, vinaonekana taa zake.

Hiyo picha imenikaa kichwani kwasababu sa hivi mjini kila mwenye kiwanja karibu na kanisa kubwa au kituo cha hija anakuambia anajenga lodji. Neno linalotembea ni utalii wa imani. Hesabu yao inaeleweka, watu wanakuja wengi, mtu lazima alale, basi vitanda vitajaa. Mi nimeenda hija na hawa watu toka niko Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, nimeenda kituo cha hija cha Mbwanga hapa Dodoma, nimeenda Sukamahela kule Manyoni ambako wenyeji wanakuambia ndo katikati kabisa ya Tanzania, na nachoweza kusema ni kwamba huyo anayepiga hesabu ya vitanda hajawahi kukaa meza moja na mweka hazina wa kanda, yani jumuiya kadhaa za parokia zikiwa pamoja.

Maana hija ya kwetu haianzi na mtu mmoja mmoja kushika simu kutafuta chumba. Inaanzia jumuiya, kile kikundi kidogo cha majirani tunaosali pamoja. Mmeshasali, mwenyekiti anasimama anasema jamani hija hiyo inakuja, kanda imepangiwa kosta mbili, mchango kichwa kimoja elfu thelathini, nauli na chakula humo humo, mwisho wa kulipa tarehe fulani. Hapo kazi inaanza, mama anayeuza mchicha Sabasaba anaanza kudunduliza toka Kwaresma, leo buku, yani elfu moja, kesho mia tano, mweka hazina anaandika kwenye daftari la kaunta lile refu. Ile elfu thelathini mtu anaimaliza siku mbili kabla ya safari, tena wengine wanamalizia kwenye mlango wa gari.

Sasa mwambie huyo mama kuna elfu ishirini na tano nyingine ya chumba. Hatakujibu vibaya, atasema tu nitaangalia, alafu humuoni tena. Na akitoka mmoja kwenye orodha kiti kinabaki kitupu wakati kosta imekodiwa nzima, bei ya kosta haipungui kwasababu wewe umepunguza watu, kwahiyo waliobaki wanaongezewa elfu mbili, elfu tatu, na kwenye ile elfu tatu anatoka mwingine. Nimewahi kuona kanda inaanguka hivyo hivyo kutoka kosta mbili mpaka moja. Ndo maana mweka hazina anaogopa neno malazi kuliko anavyoogopa kupanda kwa mafuta. Kwake kitanda kinashindana na kiti, na siku zote kiti kitashinda, maana bila kiti hakuna hija ila bila kitanda hija ipo.

Alafu kuna ratiba yenyewe. Mnafika jioni, mnapanga mizigo, njia ya msalaba, foleni ya maungamo ambayo mapadre wanakaa hata mpaka usiku mnene, rozari ya mishumaa, kuabudu ekaristi, nyimbo za kwaya zikipokezana, mkija kushtuka saa kumi alfajiri. Misa ni asubuhi, baada ya misa mnanawa mnakula ubwabwa mnapanda gari. Mtu analala saa mbili, tatu akijitahidi. Ulipe elfu ishirini na tano kwa saa mbili? Hata mwenye nayo anaona anatupa hela. Na bado hujagusa maneno ya watu, kwasababu ukionekana umetoka na begi kuelekea lodji, Jumapili ijayo jumuiyani utasikia fulani alienda hija ya selfu. Kwenye kanda yetu huo ni utani wa kudumu.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa kwetu hata hatukifikirii, kwasababu tumekizoea. Hali ya hewa. Miezi mikubwa ya Mama Maria ni Mei na Oktoba, na mvua za Dodoma zinaanza kama Desemba zinaishia Aprili. Yani kalenda ya Kanisa na anga la Ugogoni vimekutana bila kuitana, hija zote mbili zinaangukia kwenye ukavu, unaweza kulala nje usiogope. Ndugu zetu wa Bukoba hawana bahati hiyo, kwao Mei mvua bado zipo na Oktoba zimeshaanza tena, ukilala nje unaamka umelowa. Kwahiyo mazoea ya mkeka huku kwetu yamewezeshwa na mbingu kabisa, na sijui kama yangekuwepo kama tungekuwa na mvua za vuli.

Ila nisipambe sana. Ukavu sio joto. Dodoma iko juu, zaidi ya mita elfu moja na mia moja kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwishoni mwa Mei upepo wa usiku unakata. Nimemuona bibi mmoja wa kanda jirani ameamka hawezi kunyoosha mguu, wanamkanda na mafuta ya nazi, yeye anacheka anasema Mama Maria ananijua. Nimeona mama mwenye kichanga cha miezi mitatu amekesha amekaa kwenye kiti cha kosta kwasababu chini kuna vumbi na mtoto anakohoa. Hao wawili hawakuchagua mkeka kwa ibada. Tukisema "mahujaji wanapenda kulala chini ni sehemu ya sadaka" tunasema ukweli nusu, na ile nusu nyingine tunawatupia akina mama.

Na choo. Jamani choo. Kuna kituo kimoja, sikitaji, nilikuta matundu sita kwa umati ule, wanawake foleni imezunguka mpaka nyuma ya jiko, saa tisa usiku maji kwenye simtanki yamekwisha, na kwasababu yamekwisha vyoo navyo vikafungwa. Unajua kilichofuata, sina haja ya kuandika. Wanaume walitawanyika gizani kama kawaida yetu, wanawake wakawa wanasindikizana wanne wanne na tochi za simu. Mtu anayeshindwa kunywa maji jioni kwasababu anaogopa foleni ya usiku, huyo anafunga bila kupangiwa. Mimi ukiniuliza hujaji anakosa nini kwenye malazi sitaanza na godoro.

Turudi kwenye hizo lodji, maana kuna jambo wawekezaji wenyewe wanalijua ila hawaliunganishi na hija. Soko la vyumba Dodoma linaendeshwa na Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa wabunge, madereva wao, maafisa wa wizara, waandishi, watu wa semina, na bei inapanda mpaka gesti za Chang'ombe na Majengo. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Mwishoni mwa mwaka kuna mahafali ya vyuo. Sasa angalia, hija ya Mei inaangukia katikati ya Bunge la bajeti, yani siku ambayo hujaji angehitaji chumba cha bei ndogo ndo siku ambayo mwenye chumba anamsubiri afisa mwenye posho. Lodji zilizo mbali na mji kama ile yenye taa za bluu zinabaki tupu kwasababu ziko mbali kwa afisa na ghali kwa hujaji. Oktoba mara nyingi Bunge halikai, vyumba vimepoa, lakini hakuna mwenye lodji niliyewahi kumsikia akishusha bei kwasababu ya mwezi wa rozari.

Mwenyewe nilishaonja. Miaka michache nyuma tulipokea wageni wa parokia rafiki, wazee saba, tukasema hawa wasilale nje, tukachanga, nikatumwa kulipia gesti vyumba vinne karibu na stendi kuu ya Nanenane. Nikalipa advansi, nikapewa karatasi imegongwa muhuri. Wageni wanashuka saa tatu usiku, nafika nao mapokezi naambiwa vyumba wamepewa watu wa semina walioongeza siku, "mlichelewa kaka". Tumechelewa wapi na karatasi ninayo? Wazee wamesimama na vikapu vyao, mmoja wao katekista mstaafu akanishika bega akasema mwanangu acha, tuko wengi, twende tukalale na wenzetu. Tukalala kwenye kosta. Hela nilirudishiwa nusu baada ya wiki tatu. Toka siku hiyo kwenye kanda yetu neno "kulipia gesti" likitajwa wanaangalia upande niliokaa.

Ukitaka kujua mahujaji wengi wa mbali wanalala wapi hasa, njoo kwenye nyumba zetu. Tangu Dodoma iwe Jimbo Kuu mwaka 2014, Singida na Kondoa zikawa majimbo yaliyo chini yake, safari za kuja huku kwa shughuli za Kanisa hazikauki, ikifika hija mwenyeji wa Miyuji, Area C au Kikuyu anapigiwa simu toka Jumatano. "Tunakuja wanne." Wanakuja saba. Sebule inaondolewa meza, watoto wanahamishiwa chumba kimoja, godoro la kukunja linatoka juu ya kabati, usiku mnapika wali sufuria la sherehe. Wagogo tunapenda mgeni, mgeni anakaribishwa kwa mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, na mlenda wa kutosha, hilo sina shida nalo. Shida yangu ni kwamba hakuna anayelihesabu kama malazi. Mkaa nani kanunua? Maji ya madumu siku ya mgao, dumu mia tano, watu saba wanaoga asubuhi na jioni, hiyo hela imetoka mfukoni kwa mtu na haionekani kwenye ripoti yoyote ya utalii wa imani. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, ila Jumatatu mwenyeji yuko dukani anakopa sukari.

Mi naona hii ndo gesti kubwa kuliko zote Dodoma, haina bango, haina leseni, na mwekezaji anashindana nayo bila kujua. Shangazi akitoka Itigi akalala lodji wakati mpwa wake ana nyumba mjini, huo ni ugomvi wa ukoo.

Usafiri nao umeanza kubadilisha mambo. Mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena Oktoba 2023 baada ya miaka mingi ya marufuku, vikundi vya mbali viligundua kwamba unaweza kulala barabarani, unatoka jioni, unafika alfajiri, umeokoa usiku mmoja. Hatari yake kila mtu anaijua, dereva wa kukodi ambaye kaendesha usiku kucha alafu mchana kakaa juani anawasubiri mmalize misa aendeshe tena, huyo ndo anahitaji kitanda kuliko hujaji yeyote, na hakuna bajeti ya kanda niliyowahi kuiona ina mstari wa kitanda cha dereva. Hapo sitanii.

Alafu ikaja SGR, treni ya umeme ya reli mpya. Dar mpaka Dodoma ilianza kubeba watu Julai 2024, daraja la kawaida elfu thelathini na moja, chini ya saa nne uko Dodoma, wakati basi lilikuwa linakula siku nzima. Wengi tulisema sasa mahujaji wa Dar watajaa na watalala. Ninachokiona kwa macho yangu ni kinyume. Mtu wa Dar anapanda treni ya asubuhi, anachukua bajaji au Noah, anasali, anawasha mshumaa, anaweka nia, anapiga picha kwenye groto, lile pango la Mama Maria, jioni yuko kwenye treni anarudi. Treni imemfanya asihitaji kulala. Na wanaopanda treni hawaji kama kanda, wanakuja watatu, wanne, familia, marafiki wa ofisini, kwasababu huwezi kupanda SGR na masufuria ya kupikia watu sitini, gunia la mkaa na mafiga. Jiko la kanda limebaki kwenye kosta. Kwahiyo unapata hija mbili kwenye uwanja mmoja, wa treni waliovaa raba nyeupe wanaondoka saa kumi jioni, wa kosta ndo kwanza wanatandika. Hawagombani. Ila hawajuani, na zamani mlikuwa mnajuana mpaka majina ya watoto kwasababu mmepika pamoja.

Jirani yangu ni Mwislamu, alishaenda Makka, tulikuwa tunaongelea haya kibarazani akacheka sana. Akasema nyie mnalalamikia mkeka, sisi usiku wa kutoka Arafa tunalala Muzdalifa chini, juu nyota, bosi na kinyozi wamelala ubavu kwa ubavu, na kesho Mina ni mahema. Nikamuuliza kwahiyo hakuna hoteli? Akasema hoteli zipo Makka za kila bei, lakini ule usiku hakuna anayekwenda. Alafu akaongeza kitu ambacho ndo nilikuwa nakitafuta: "Ila maji yapo, na vyoo vipo, na gari la wagonjwa lipo." Yani wenzetu wametenganisha. Kulala chini ni ibada, kukosa choo sio ibada.

Hata Lourdes kule Ufaransa, ambako groto zetu zote zimeiga sura yake toka matokeo ya 1858, mji umejaa hoteli kweli, mwenye nguvu zake na hela yake anajilipia huko mjini. Lakini ndani ya eneo takatifu lenyewe vitanda walivyoweka ni vya wagonjwa na wanaowahudumia. Mzima anajitafutia, mgonjwa anatafutiwa. Sisi tunakwenda kinyume, mwenye mgongo mbovu tunampa mkeka, vyumba tunavijenga nje ya uzio kwa ajili ya mtu mwenye afya na posho.

Na tusijidanganye kwamba umati wenyewe utaleta huduma. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha Babu, marehemu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu aliyekuwa anawanywesha watu dawa ya miti, kikombe shilingi mia tano, na hata huku kwetu gari zilikodiwa. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita, watu wakalala ndani ya gari siku nyingi, maji na chakula vikapanda bei, wengine wakafia njiani wakisubiri. Hela ilimwagika pale, lakini foleni haikuchimba choo.

Ningekuwa na mamlaka ya zile hela zinazotajwa kwenye mikutano ya wadau, lodji ningewaachia wenyewe. Ningechimba kisima na kusimamisha simtanki juu ya mnara, vyoo vya wanawake mara mbili ya vya wanaume, banda refu lenye bati na sakafu ya saruji lisilo na vumbi ambalo mtu anatandika mkeka wake, bweni dogo la wazee, wagonjwa na wanaonyonyesha, chumba cha kuchaji simu chenye mlinzi, na vitanda vinne vya madereva, hivyo navitaja tena makusudi. Mkaa, chapati na chai mama lishe wataleta wenyewe, hao hawahitaji semina.

Na yule kijana wa lodji ya taa za bluu nilimwambia kitu asubuhi ile. Nilipita tena kama saa kumi na moja nikitafuta pa kunawa uso, nikamkuta bado yuko na daftari lake. Nikamwambia una bafu kumi na moja na maji yanatoka, pale uzioni kuna watu wanataka kuoga waingie misani wasafi, weka kuoga buku mbili, sabuni mia tano, uone. Akasema bosi hajaruhusu, chumba kinauzwa kwa usiku. Nikampa buku mbili yangu, akaangalia kulia na kushoto, akanifungulia namba saba. Nilipotoka kulikuwa na akina mama wawili wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mlangoni, kitenge cha sare, taulo begani, wameshasikia.

Juzi shangazi kapiga simu kutoka Itigi. Oktoba wanakuja, anasema watano, kwahiyo mi nimeandika nane. Nikamwambia shangazi safari hii ngoja niulizie bweni la masista mlale vizuri, magoti yako hayo. Akasema, "Mwanangu usihangaike, mikeka tunakuja nayo. We tuwekee maji tu."